Machi Ulisema Nini? Mwongozo Kamili wa Kupima Utabiri Wako wa Msimu wa Besiboli

Kila Machi, kabla mpira wa kwanza haujarushwa, mashabiki wa besiboli ya Marekani hupanga msimamo wa ligi vichwani mwao: nani ataongoza, nani ataburuza mkia, nani atatwaa World Series, yaani fainali ya ubingwa. Kufikia katikati ya Novemba bingwa ameshapatikana, na kila mtu kijiweni anakumbuka lile moja alilopatia. Mengine yamesahaulika. Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka kuyarudia yote, aliyopatia na aliyokosea, ayapime kwa namba na ajue kama macho yake yanauona mchezo vizuri.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: idadi ya uliyopatia haina maana mpaka ujue mtu ambaye hakufikiri hata kidogo angepatia mangapi. Hatua ya 4 ndiyo kiini cha kazi hii. Ukiwa na haraka, usiiruke hiyo.

Nitatumia msimu wa 2024 kama mfano. Umekwisha, namba zake hazibadiliki tena, na ulijaa mambo ambayo wachache waliyatarajia. Msimu wowote mwingine utaupima kwa njia hiihii.

Kwa anayeanza kufuatilia: MLB, yaani besiboli kuu ya kulipwa ya Marekani, ina timu 30 katika ligi mbili, American na National. Kila ligi ina makundi matatu ya timu tano tano, na kila timu hupangiwa mechi 162 za kawaida. Tangu 2022, timu 12 huingia hatua ya mtoano, sita kutoka kila ligi: vinara watatu wa makundi pamoja na timu tatu zenye rekodi bora zaidi kati ya zilizobaki.

Hatua ya 1: Kusanya ulichosema, kama kilivyo

Tafuta kila mahali ulikoweka utabiri wako: daftari, ujumbe uliomtumia rafiki, sauti uliyorekodi, skrinshoti. Unakili neno kwa neno kwenye jedwali, kwenye simu au kompyuta, na mbele ya kila mstari andika tarehe. Usirekebishe kitu. Hata ile sentensi unayotamani ungeiandika vingine, iache ilivyo.

Kisha panga kila utabiri kwenye fungu lake. Kuna wa namba ("Yankees itashinda mechi 92"), kuna wa ndiyo au hapana ("Orioles itaingia mtoano"), kuna wa mpangilio ("Phillies juu ya Braves"), na kuna wa tuzo na ubingwa. Kila fungu lina kipimo chake, na ukiyachanganya utapata jumla isiyoeleweka.

Utakuta pia sentensi zisizopimika. "Mets wana timu nzuri mwaka huu." Nzuri kiasi gani? Jiulize: watu wawili wasioelewana, wakipewa msimamo wa mwisho mkononi, watakubaliana kama ulipatia? Kama hawatakubaliana, uweke pembeni na usiuhesabu, wala kwa faida yako wala kwa hasara yako. Ukiona nusu ya utabiri wako umeangukia huko, hilo peke yake ni fundisho la mwaka ujao.

Tarehe ndizo zinazowaponyoka wengi. Tarehe 18 Juni 2024 Seattle Mariners iliongoza kundi lake kwa mechi 10. Houston Astros ilikuwa imeanza msimu kwa ushindi 7 na vipigo 19. Mwisho wa yote Astros ndiyo iliyotwaa kundi, na Mariners ikakosa hata mtoano. Aliyesema Machi kwamba Astros itaongoza kundi alitabiri. Aliyesema hivyo katikati ya Septemba alikuwa anasoma msimamo. Detroit Tigers nayo ilikuwa na ushindi 55 na vipigo 63 kufikia tarehe 10 Agosti, halafu ikashinda 31 kati ya mechi 44 zilizobaki na kuingia mtoano. Kwa hiyo tenga utabiri wa Machi, wa mapumziko ya Julai na wa Septemba, kila mmoja na ukurasa wake.

Ukiwa Afrika Mashariki, kumbuka pia kwamba mechi inayoanza saa moja jioni New York, kwako ni saa nane usiku wa kuamkia siku inayofuata. Chagua tarehe za Marekani na ubaki nazo mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 2: Weka matokeo ya mwisho pembeni yake

Matokeo yanapatikana kwenye tovuti ya MLB na ile ya Baseball-Reference. Nakili ushindi wa timu zote 30, hata zile ambazo hukuzisemea neno, kwa sababu utazihitaji baadaye.

Huu hapa ushindi wa 2024, ili uweze kufuata hesabu zangu:

American Mashariki: Yankees 94, Orioles 91, Red Sox 81, Rays 80, Blue Jays 74.
American Kati: Guardians 92, Royals 86, Tigers 86, Twins 82, White Sox 41.
American Magharibi: Astros 88, Mariners 85, Rangers 78, Athletics 69, Angels 63.
National Mashariki: Phillies 95, Braves 89, Mets 89, Nationals 71, Marlins 62.
National Kati: Brewers 93, Cubs 83, Cardinals 83, Reds 77, Pirates 76.
National Magharibi: Dodgers 98, Padres 93, Diamondbacks 89, Giants 80, Rockies 61.

Ukijumlisha utapata 2,429. Mechi za msimu mzima zinapaswa kuwa 2,430, lakini mechi ya mwisho kati ya Guardians na Astros ilifutwa kwa sababu ya mvua, na haikuwa na la kubadilisha kwenye msimamo. Mambo madogo kama haya yajue mapema, usije ukapoteza jioni nzima ukitafuta kosa ambalo si lako.

Sasa angalia National: Braves, Mets na Diamondbacks zote zilimaliza na ushindi 89. Nafasi zilizobaki zilikuwa mbili. Diamondbacks ikabaki nje kwa sababu rekodi yake dhidi ya wenzake hao haikuibeba. Mtu aliyeandika "Diamondbacks: ushindi 89, wataingia mtoano" alipatia namba kwa asilimia mia na akakosa ndiyo au hapana. Ndiyo maana mafungu mawili hayo hayachanganywi.

Hatua ya 3: Pima tofauti ya ushindi

Kwa kila timu toa namba ndogo kwenye kubwa kati ya uliyotabiri na iliyotokea. Usijali kama ulizidisha au ulipunguza, kwa sasa tunataka umbali tu. Jumlisha umbali wote, gawa kwa idadi ya timu, na hapo utakuwa na wastani wa makosa yako.

Tuseme uliandika hivi: Yankees 92, Braves 101, Royals 71, White Sox 63, Brewers 79. Umbali wake ni 2, 12, 15, 22 na 14. Jumla ni 65, na wastani ni 13. Hizi ni timu tano tu, na kwa timu tano namba inaweza kukupotosha sana. Ukiwa umetabiri timu zote 30, kipimo kinakuwa na uzito.

Kabla hujaendelea, jumlisha ushindi wote uliougawa Machi. Jumla inapaswa kuwa 2,430, yaani mara 30 ya 81, maana kila mechi ina mshindi mmoja. Wengi hukuta wamegawa mechi 40 au 60 za ziada. Huwa tunazionea matumaini timu nyingi na tunasahau kwamba ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwingine. Kama jumla yako ilizidi, andika ilizidi kwa ngapi. Sehemu ya makosa yako ilianzia hapo, kabla hata mchezaji mmoja hajaumia.

Hatua ya 4: Jilinganishe na wavivu watatu

Umepata wastani wa 8. Ni mzuri au mbaya? Huwezi kujua bila mpinzani. Tengeneza wapinzani watatu wasiojua lolote kuhusu besiboli.

Mvivu wa kwanza anaipa kila timu ushindi 81. Hajui nani ni Ohtani, nyota wa Dodgers, hajui nani kasajiliwa wapi. Kwa 2024, makosa yake yote kwa timu 30 yanafika 279, wastani wa 9.3.

Mvivu wa pili ananakili msimamo wa mwaka uliopita. Mwaka 2023 Braves ilishinda 104, basi anaandika 104. Royals ilishinda 56, anaandika 56. Huyu angalau ameangalia gazeti, na ungetarajia amshinde wa kwanza kwa mbali. Nilipojumlisha, makosa yake nayo yalitoka 279. Wastani wa 9.3, sawasawa na yule asiyejua kitu. Alipatia kabisa Cubs (83), Pirates (76) na Nationals (71), na alikosea mechi moja tu kwa Brewers na Giants. Lakini alipigwa mechi 30 kwa Royals, 22 kwa Marlins, 20 kwa White Sox, na 19 kwa Rays na vilevile kwa Athletics.

Mvivu wa tatu anasimama katikati ya hao wawili. Anachukua ushindi wa mwaka jana, anaongeza 81, anagawa kwa mbili. Basi. Makosa yake yalikuwa 238, wastani wa 7.9.

Tazama timu chache, kwa mpangilio wa ushindi wa 2023, namba ya mvivu wa tatu, na ushindi wa 2024:

Orioles: 101, 91, 91.
Rays: 99, 90, 80.
Braves: 104, 92.5, 89.
Giants: 79, 80, 80.
Athletics: 50, 65.5, 69.
Royals: 56, 68.5, 86.
Dodgers: 100, 90.5, 98.
White Sox: 61, 71, 41.

Kwa nini katikati kuna nguvu hivyo? Timu iliyoshinda 100 kwa kawaida ni timu bora na pia ilikuwa na mwaka mzuri: warushaji wake hawakuumia, mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja (yaani alama moja) ziliangukia upande wake. Ubora unabaki kwa kiasi, bahati hairudi kwa ahadi. Timu iliyoshinda 56 nayo ni dhaifu na pia ilikuwa na mkosi. Mwaka unaofuata nyingi husogea kuelekea 81, za juu zikishuka na za chini zikipanda. Zipo zinazokataa, kama Dodgers iliyobaki juu na White Sox iliyozama zaidi, lakini huwezi kuzijua zote mapema.

Huyu wa tatu ndiye unayepaswa kumshinda. Kama wastani wako wa 2024 ulikuwa chini ya 7.9, ulichokijua kuhusu wachezaji, makocha na usajili kilikusaidia kweli. Kama ulikuwa kati ya 7.9 na 9.3, ulijua kitu, ila ulikiamini kupita kiasi. Kama ulizidi 9.3, ujuzi wako ulikupoteza njia, na hatua zinazofuata zitakuonyesha wapi. Ni namba za mwaka mmoja, kwa hiyo ukipima msimu mwingine wakokotoe wavivu wako upya. Ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 5: Tenganisha bahati na ujuzi

Rusha sarafu mara 162 na uhesabu vichwa. Utatarajia 81, lakini ukirudia zoezi mara nyingi, theluthi mbili hivi ya majibu yataangukia ndani ya tofauti ya 6 juu au chini, na mengine yatakuwa mbali zaidi. Besiboli ina yumbayumba hiyohiyo. Hata mtu ambaye angejua nguvu halisi ya kila timu angekosea kwa wastani wa mechi kama 5.

Kwa hiyo uwanja wako wa kucheza ni mdogo: mvivu wa tatu yuko karibu na 8, ukomo wa binadamu uko karibu na 5. Shabiki mwenye 7 amefanya kazi kubwa. Tofauti ya mechi 3 au 4 kwa timu moja isikupe majivuno wala huzuni. Nenda kwenye makosa ya 10 na zaidi, huko ndiko kwenye mafunzo.

Chombo cha kukusaidia ni kanuni ya Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli. Chukua mikimbio timu iliyofunga, uizidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo kwa mikimbio iliyofungwa. Gawa ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, kisha zidisha kwa 162. Unapata ushindi ambao timu ilistahili kwa jinsi ilivyocheza.

White Sox ya 2024 ilifunga mikimbio 507 na kufungwa 813. Kanuni inatoa ushindi 45. Ilishinda 41, ikapoteza 121, vipigo vingi kuliko vya timu yoyote tangu 1900, ikiipita Mets ya 1962 iliyopoteza 120. Mkosi ulichangia mechi nne hivi. Zilizobaki ni udhaifu wa kweli, kwa hiyo aliyeipa 63 asijifariji kwa bahati mbaya. Dodgers ilifunga 842 na kufungwa 686: kanuni inasema 97, ikashinda 98. Hapo hakuna muujiza wowote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Marlins, na jibu lake lilikuwa mezani tangu mwaka mmoja kabla. Mwaka 2023 ilishinda 84 na kuingia mtoano. Lakini ilifunga mikimbio 666 na kufungwa 723! Timu inayofungwa zaidi ya inavyofunga imeshindaje mechi 84? Katika mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja ilishinda 33 na kupoteza 14. Kanuni iliipa 74 tu. Juu ya hapo, Oktoba 2023 mrushaji wake mkuu, Sandy Alcantara, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko uliomweka nje msimu mzima wa 2024. Aliyetazama mambo hayo mawili Machi hangeiandikia 84. Kushuka hadi 62 kulikuwa na mengine ndani yake, kiwiko cha Eury Pérez kikiwemo, lakini mwelekeo ulionekana.

Sasa kwenye jedwali lako ongeza safu yenye kichwa "Ningeweza kujua?" na uijaze kwa kila kosa kubwa. Ruhusu majibu matatu tu: ndiyo, kwa sehemu, hapana.

Braves kushuka kutoka 104 hadi 89: Spencer Strider alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili, na Ronald Acuña Jr., mchezaji bora (MVP) wa National mwaka uliotangulia, alichanika kano ya goti tarehe 26 Mei. Hapana, hukuweza kujua. Ila uliweza kujua kwamba ushindi 104 ni vigumu kurudiwa, kwa hiyo kama uliandika 101, sehemu ya kosa ni yako.

Royals kupanda hadi 86: kwa sehemu. Desemba 2023 ilisajili warushaji wawili, Seth Lugo na Michael Wacha, na Bobby Witt Jr. alikuwa kijana anayepanda. Kwamba Witt angemaliza akiwa mpigaji mwenye wastani wa mapigo ulio juu kuliko wote, .332, na Lugo awe wa pili kwenye tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora, hilo lilipita matarajio. Lakini timu iliyoshinda 56 na kutumia fedha kujijenga haikustahili kuandikiwa 60.

Jaza safu hii ukiwa umetulia, na ujiangalie unapoandika "hapana" nyingi mno. Majeraha ni kisingizio kitamu. Kila timu hupata majeraha kila mwaka, na unayemwandikia ushindi 100 umemwandikia pia mwaka bila hospitali.

Hatua ya 6: Ndiyo na hapana, kwa asilimia

Kwa utabiri wa kuingia mtoano, hesabu ya kwanza ni rahisi: kati ya timu 12 ulizotaja, ngapi ziliingia? Mvivu aliyenakili timu 12 za 2023 alipatia sita: Orioles, Astros, Braves, Dodgers, Brewers na Phillies. Sita ndiyo namba ya kuvuka.

Kama uliandika asilimia, una kipimo bora zaidi. Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier alipendekeza njia ya kupima utabiri unaotolewa kwa asilimia, na inafaa besiboli vilevile. Ikitokea, tokeo ni 1. Isipotokea, ni 0. Toa asilimia yako (kwa desimali) kwenye tokeo, zidisha jibu kwa lenyewe. Ndogo ni nzuri, sifuri ni ukamilifu.

Uliipa Orioles asilimia 80 nayo ikaingia: tofauti 0.2, alama 0.04. Uliipa Rangers, bingwa mtetezi, asilimia 70, ikaishia ushindi 78: alama 0.49. Uliipa Tigers asilimia 15, ikaingia: alama 0.72. Ona jinsi adhabu inavyopanda kwa kasi kadiri ulivyokuwa na uhakika. Aliyeipa Rangers asilimia 100 anapata 1 nzima, na aliyeipa 60 anapata 0.36.

Mvivu hapa anaipa kila timu asilimia 40, kwa kuwa 12 kati ya 30 huingia. Alama yake kwa wastani ni 0.24, kila mwaka, bila kujali nani ameingia. Wewe shuka chini ya hapo.

Hii haifanani na mkeka. Mkeka huchanika kwa mechi moja na yote yaliyobaki yanapotea. Huku kila utabiri unasimama wenyewe, na kosa moja kubwa linaweza kufidiwa na mengi madogo mazuri.

Ukishakuwa na utabiri mwingi, wa misimu miwili mitatu, panga yale yote uliyoyapa kama asilimia 70 kwenye rundo moja. Je, saba kati ya kumi yalitokea? Yakitokea tisa, una woga, ulijua zaidi ya ulivyothubutu kusema. Yakitokea matano, unasema kwa sauti kubwa kuliko unachokijua.

Hatua ya 7: Tuzo na bingwa, usizipe uzito mkubwa

Kila mtu anauliza kwanza, "Ulimtaja bingwa?" Mimi naiweka karibu na mwisho, kwa kuwa ni swali moja lenye jibu moja, na mtoano wa besiboli ni mfupi mno kwa mchezo unaohitaji mechi 162 kuonyesha nani ni nani. Mwaka 2023 fainali ilizikutanisha Rangers yenye ushindi 90 na Diamondbacks yenye 84. Mwaka 2024 zikakutana zilizoongoza ligi zao, Dodgers na Yankees, na Dodgers ikatwaa kwa mechi 4 kwa 1. Lakini Dodgers hiyohiyo ilikuwa nyuma 2 kwa 1 dhidi ya Padres kwenye raundi ambayo wa kwanza kushinda mechi tatu ndiye anayepita. Wangepoteza moja zaidi, aliyewataja Machi angeitwa mjinga kwa utabiri uleule.

Hata nafasi ya kuingia mtoano huning'inia kwenye uzi. Tarehe 30 Septemba 2024 Mets na Braves zilicheza mechi mbili kwa siku moja huko Atlanta, kufidia zilizoahirishwa kwa sababu ya kimbunga Helene. Mets ilikuwa nyuma katika zamu ya tisa, ya mwisho, Francisco Lindor akapiga homurani (pigo linaloutoa mpira nje ya uwanja) ya mikimbio miwili na wakashinda 8 kwa 7. Braves ikashinda ya pili 3 kwa 0. Kwa kugawana hivyo zote mbili zikaingia. Moja ingeshinda zote mbili, Diamondbacks ingepita. Utabiri wa watu wengi kuhusu timu tatu uliamuliwa na alasiri moja.

Kwa tuzo, orodhesha majina matatu kwa kila moja na ujipe alama kamili kwa wa kwanza, nusu kwa wengine. Shohei Ohtani kuwa MVP wa National halikuwa jambo gumu kuliwaza, ingawa asingerusha mpira mwaka huo baada ya upasuaji wa kiwiko. Kwamba angepiga homurani 54 na kuiba besi 59 (yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe), jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikia, na avuke alama ya 50 kwa 50 siku aliyopiga homurani tatu mjini Miami, hilo huliwekei akiba kwenye jedwali. Chris Sale kutwaa Cy Young ya kwanza akiwa na miaka 35, baada ya miaka ya majeraha, kama uliliandika Machi, lihifadhi na uandike pia sababu uliyoitoa. Sababu ndiyo itakayokuambia kama ulijua au ulibahatisha.

Hatua ya 8: Tafuta moyo wako unakoegemea

Rudi kwenye safu ya ushindi, na safari hii usifute alama. Utabiri ukizidi tokeo andika jumlisha, ukipungua andika toa. Kisha tafuta wastani wa mafungu: timu unayoipenda na wapinzani wake wakubwa, timu zenye majina makubwa, timu usizozitazama kabisa. Kwa mwaka mmoja timu yako pekee haitoshi, kusanya misimu kadhaa. Ukikuta kila mwaka unaipa timu yako mechi nane za ziada, una kipimo cha mapenzi yako kwa namba, na unaweza kukikata.

Kuna mwegemeo mwingine unaotuhusu sisi tunaotazama kutoka Afrika Mashariki. Mechi ya mchana ya Jumapili New York inaanza kama saa mbili na nusu usiku kwetu, wakati mzuri kabisa. Mechi ya jioni ya Seattle au San Diego inaanza karibu saa kumi na moja alfajiri. Matokeo yake tunazijua timu za Mashariki kwa sura na za Magharibi kwa vidokezo vya video. Linganisha wastani wa makosa yako kwa makundi ya Mashariki na ya Magharibi. Pengo likiwa kubwa, usijilazimishe kukesha. Kwa timu usizoziona, mwamini zaidi mvivu wa tatu.

Hatua ya 9: Tumia ulichopata kuandika orodha ya Machi ijayo

Anza na namba ya mvivu wa tatu kwa kila timu. Isogeze tu pale unapokuwa na sababu unayoweza kuiandika kwa mstari mmoja: mrushaji fulani kaumia, mpigaji fulani kasajiliwa, kanuni ya mikimbio inaonyesha mwaka jana walibahatika. Sababu moja isiisogeze timu zaidi ya mechi nne au tano. Mchezaji bora kabisa kwenye ligi, kwa msimu mzima, huongeza ushindi kama kumi hivi juu ya mchezaji wa akiba, na wa aina hiyo ni wachache mno.

Jumlisha, urudi kwenye 2,430. Andika asilimia ya mtoano kwa kila timu, na zote zijumlishe hadi 1,200, kwa sababu nafasi ni 12. Toa ile ziada ya timu yako uliyoikuta kwenye hatua ya 8. Weka tarehe, mtumie nakala rafiki ambaye hatakuruhusu uibadilishe, na uifunge kabla ya mechi ya kwanza kabisa ya msimu, hata ikichezwa mbali na Marekani: mwaka 2024 ilikuwa Seoul tarehe 20 Machi, na 2025 ilikuwa Tokyo tarehe 18 Machi.